Marehemu Afungua Mlango

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na Bibi naye mfikishie shikamoo yake nzima, usiimeze njiani kama mara ya mwisho. Mimi sijambo. Mafua yaliyonipokea siku niliyorudi yameniachia. Chumba nimepata, na mwenzangu wa chumbani anasomea uhandisi wa mitambo na usiku anakoroma kwa vitendo. Chakula kipo. Mwambie Bibi kipo, asiulize tena.

Nimeshika neno lako kwamba simu ni ya dharura na habari ni za barua. Wenzangu wananicheka, lakini nawaambia hawakujui. Wewe kwenye simu ukiulizwa "hujambo?" unajibu "mzima," na mazungumzo yamekwisha.

Uliniuliza Kituo cha Uandishi ni kitu gani. Ni nyumba ya zamani ya dobi wa chuo, nyuma ya karakana. Mabomba bado yamo ukutani, na masinki ya saruji tumeyafunika mbao yakawa meza. Mlangoni hakuna hata kibao, kwa hiyo wageni wakiuliza njia huishia ofisi ya vifurushi. Kila Alhamisi jioni mlango huachwa wazi na watu wa mtaani huingia: kinyozi, mfamasia, dereva wa gari la maji, muuguzi mmoja mstaafu, na sisi wanafunzi. Wengine wanaandika, wengine hawajawahi kuandika hata mstari, wamekuja kusikiliza, na wanajua kusikiliza haswa.

Msimamizi wetu ni mhadhiri tunayemwita Mama Futa, maana ukimpelekea kazi yako inarudi na neno hilo pembeni kila mahali. Sheria zake ni chache ila za chuma. Mwenye kazi haisomi mwenyewe, anasomewa. Yeye hukaa pembeni kwenye kiti cha kimya mpaka kila mtu aseme lake, na zamu yake ikifika anaruhusiwa neno moja tu: "Nimesikia." Na tena ni mwiko kumwuliza mwandishi kama jambo ni la kweli.

Alhamisi ijayo kiti ni changu. Hadithi nimeiandika tangu niondoke hapo nyumbani. Inahusu nini, sikwambii.

Ile ngazi yako ya mbao umeitengeneza? Kuna kipandio kilikuwa kimelegea.

Mpwa wako,
Chokaa


27 Februari

Chokaa, mama yangu,

Marahaba sana. Bibi yako hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na anasema "kipo" si jina la chakula, utaje ni chakula gani. Paka amezaa ndani ya sanduku langu la brashi, kwa hiyo kwa sasa natumia brashi za zamani na yeye anatumia mpya.

Kazi zipo. Nimewaandikia wenye mikokoteni namba zao mpya, nikaandika ubao wa shule ya chekechea, halafu bango la kinyozi wa hapa kwetu, nikalilaza juu ya meza ya Bibi naye akalalamika wiki nzima kwamba chai inanuka rangi. Kinyozi alitaka nimchoree kichwa cha mtu maridadi. Nilipomaliza akasema nimemchora mkwewe. Nikamwambia vizuri, mkwewe atanyolewa bure na bango litamshawishi aje kila siku.

Hiyo sheria ya kukaa kimya nimeipenda. Watu wa namna hiyo ningeweza kuishi nao. Na usisahau, mimi pia ni mwandishi, tena mabango yangu yanasomwa na watu wengi kuliko vitabu vyote vya chuo chenu. Ila sijamwona mtu akilia mbele ya "Hapa Tunatengeneza Redio."

Ngazi ipo. Imeegemea ukuta.

Sasa hadithi imekwendaje? Na mbona unanificha? Mimi ndiye niliyekufundisha herufi ya kwanza, kwa brashi na ndoo ya chokaa, ukaishia kujimwagia yote kichwani. Jina ulilipata hapo. Sina haki ya kujua unaandika nini?

Mjomba wako


10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bibi mwambie ni wali na maharage, kesho maharage na wali. Hongera kwa wajukuu wa paka.

Hadithi imesomwa. Aliyeisoma ni kinyozi wetu wa huku. Mchana kutwa anapiga porojo na wateja, lakini mpe karatasi mkononi uone anavyotulia. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kimya nikitazama bomba la ukutani. Alipofika mwisho watu wakaanza kusema lao. Mfamasia akasema amemwona mtu yule, hata rangi kwenye kucha zake. Dereva wa gari la maji akasema hataki kusema kitu, na kweli hakusema. Muuguzi mstaafu alikuwa anafuta miwani muda wote. Zamu yangu ilipofika nikasema "Nimesikia," na sauti ikanikwama katikati.

Wakati wa kutoka muuguzi alinishika mkono, hakuuachia upesi. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwelekeza, akasema binti yake amejifungua mji huohuo. Watu wema kweli hawa.

Mjomba, wameichagua! Itaingia kwenye kitabu cha mwaka, na itasomwa usiku wa wazi mwezi wa saba, mbele ya watu wote. Ila Mama Futa hajaridhika. Kasema, "Ukurasa wa mwisho umeukimbia. Rudi ulikotoka." Kurudi kwenyewe ndiko siwezi.

Unauliza inahusu nini. Inahusu mtu mmoja na kazi yake. Basi.

Ngazi inaegemea ukuta gani, na wewe uko wapi?

Chokaa


25 Machi

Binti,

Marahaba. Sisi hatujambo, hasa mimi, kama utakavyoona.

Jumamosi nilikuwa uani naoga. Bibi yako yuko mlangoni anachambua mchele. Akaja mama mmoja na mkoba, kavaa kwa heshima, akamwinamia Bibi akamkumbatia. "Pole mama. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

Bibi akauliza, "Nani huyo?"

"Mwanao, mama. Mwandika mabango."

"Amekufa saa ngapi? Sasa hivi tulikuwa tunagombania ndoo!"

Mgeni akadhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa msiba, akamkumbatia zaidi. Jirani kusikia "pole" na "mwanao," akapiga ukunga bila kuuliza. Ukunga wa jirani yetu unaujua. Kufumba na kufumbua uwanja umejaa, fundi viatu analia, yule mkwewe kinyozi analia, na mtu mmoja ambaye simjui kabisa analia kuliko wote. Mimi kwa ndani nikawa najiuliza nani amefariki. Nikajifunga taulo, sabuni masikioni, marehemu nikafungua mlango.

Wote walirudi nyuma isipokuwa yule mgeni. Yeye alinijia akanishika mkono, hapa kwenye kifundo, akanyamaza kidogo. Nadhani alitaka kuhakikisha mimi si kivuli. Halafu akaketi, akaanza kueleza habari ya Kituo, na hadithi, na jinsi nilivyoanguka kutoka kwenye ngazi brashi ikiwa mkononi na neno halijamalizika. Alikaa na sisi mpaka alasiri. Tulizungumza kidogo, mambo ya kizee.

Kadi ya rambirambi aliyotuletea nimeiweka juu ya redio. Kila mtu wa Kituo ametia sahihi. Kinyozi wenu ameandika kwamba nimewaachia pengo. Mtu hajawahi kuniona na tayari nimemwachia pengo! Watu wa mtaani wamecheka mpaka leo, na mwenye duka akinisalimia anasema "marehemu, habari za huko?" Bibi yako hacheki. Anasema huo ni uchuro, na ukija atakuvuta sikio.

Mimi nimecheka na wenzangu. Lakini nikibaki peke yangu sicheki. Nina swali moja na usilizunguke. Kati ya watu wote duniani, kwa nini umeniua mimi?

Mjomba wako, bado


3 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo, na sikio langu nalileta mwenyewe kwa Bibi.

Nimeona aibu hadi nimekosa pa kuweka uso. Kosa ni la sheria yetu. Kinyozi aliisoma kwa "mimi" na "mjomba wangu," nami nimekaa bubu pembeni sauti ikinikwama, na kuuliza kama ni kweli ni mwiko. Basi kila mmoja akabeba msiba kimyakimya. Walichangia kadi bila mimi kujua, wakijisemea mtoto wa watu hataki kusumbuliwa. Muuguzi aliporudi na kusimulia, Mama Futa alicheka mpaka akafuta machozi kwa karatasi ya mtu. Kinyozi anaomba arudishiwe pengo lake.

Muuguzi peke yake ndiye asiyecheka. Nilimfuata nje nikamwuliza mmezungumza nini. Akasema, "Aliyosema mgonjwa ni ya mgonjwa." Kisha kama mtu aliyeteleza ulimi, akajirekebisha: "Nasema mwenyeji. Mwulize mjomba wako habari ya viatu vyake."

Nimekupigia simu siku hiyohiyo, unakumbuka. Ulisema mzima, nikasema viatu, ukasema mtandao mbaya.

Mjomba, viatu vimefanya nini?

Chokaa


11 Mei

Chokaa,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mambo.

Viatu viko chini ya kitanda, vinakusalimu. Huyo mama ni mwema lakini wauguzi wakistaafu wanakosa kazi ya kufanya. Joto mwaka huu limezidi, kila mtu anavimba kidogo.

Nilikuuliza swali mwezi wa tatu. Hukunijibu. Kwa hiyo na lako litakaa kwenye foleni nyuma ya langu.

Soma kwa bidii. Usiwaze ya huku.

Mjomba wako

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:)
Mwanangu huyu analala ameketi. Mimi Bibi.


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za chakula wala za mwenzangu wa chumbani.

Swali lako linatangulia, nitalijibu. Likizoni tulikwenda wote kuona lile bango lako la ghorofani, pale kwa wauza vitambaa. Ulipofika nusu ya ngazi za jengo ulisimama. Ukaniambia ngoja nisome tangazo hili. Ukalisoma muda mrefu, umeshika ukuta. Tangazo lenyewe uliliandika wewe, mwaka juzi, na lilikuwa na maneno mawili. Mimi nilisimama nyuma yako nikasikia unavyopumua, nikaogopa mno, Mjomba, nikaogopa hata kukuita. Ulipogeuka ukacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu unaanguka. Nilishindwa kukuambia, nikaandika.

Wewe ndiye uliyenilea. Mama alipoondoka duniani ulinibeba begani mpaka kwako, na ndoo za rangi mkono wa pili. Sina mwingine wa kumwogopea namna hii.

Nimezirudia barua zako zote. Mikokoteni, ubao wa chekechea, bango juu ya meza ya Bibi. Tangu mwaka uanze hukuniandikia kazi hata moja iliyo juu. Ngazi imeegemea ukuta kwa sababu hakuna anayeipanda. Na mwandiko wako wa barua ya mwisho umelala. Wewe, ambaye herufi zako husimama kama zimepigwa pasi!

Analala ameketi: nimemwonyesha muuguzi maneno ya Bibi. Hakusema la mgonjwa wake. Alivaa tu miwani, akaivua, akasema, "Mwandikie leo."

Basi nakuandikia leo. Nenda hospitali. Sikuombi kwa adabu, nakuomba kwa kulia. Naambatisha hadithi uisome mwenyewe. Nimeshamwambia Mama Futa kwamba naibadilisha, mjomba haanguki, anashuka salama na kunywa maji. Akiitoa kwenye kitabu aitoe. Sitaki kitabu kilichokaliwa na kifo chako.

Chokaa wako


14 Juni

Chokaa, mama,

Marahaba, na pole kwa kukuliza.

Nakuandikia miguu ikiwa juu ya mito, amri ya daktari. Nimekwenda. Barua yako ilifika asubuhi, Bibi akaitazama bahasha, akanitazama mimi, akaenda kuvaa. Ikabidi mtu mzima nisindikizwe na mama yangu kama siku ya kwanza ya shule. Njiani alikuwa ananisomea: mficha maradhi kilio humuumbua, tena wewe kilio umeshaliliwa, unangoja nini?

Sasa nikuambie ya viatu. Siku ile yule mama alipokuwa anaondoka aliviona mlangoni. Nilikuwa nimevikata nyuma kwa kisu ili miguu iingie. Akaniambia palepale, "Marehemu, moyo wako unafanya kazi ya punda. Nenda upimwe." Akaniandikia jina la mwenzake wa zamani aliye hospitali ya hapa. Nilikaa na jina hilo mfukoni mpaka karatasi ikachakaa. Na ni kweli nilikuwa nalala nimeketi, maana nikijinyoosha pumzi inakatika.

Kwa nini sikwenda? Nilikuwa naogopa kuambiwa. Na niliogopa kwamba wewe ukijua utafunga mizigo urudi kunipikia uji, na kile kiti chako cha kimya akalie mtu mwingine. Hiyo ya pili ndiyo iliyonilaza macho.

Daktari ni binti wa umri wako, mkali kuliko Bibi. Amesema moyo umechoka kusukuma, maji yanabaki miguuni na kifuani. Amenipa vidonge na kuninyima chumvi. Maji yameanza kupungua, na juzi nimelala kitandani nimenyooka kama binadamu. Ugonjwa huu hauishi, alisema, unatunzwa. Ngazi ndiyo basi. Nilipotoka pale nilikwenda uani nikaitazama kidogo, nikaumia, siwezi kukuficha tena. Nimempa fundi viatu aitumie kuanikia ngozi.

Hadithi nimeisoma. Mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu umeandika kofia yangu ni mbovu. Mara ya pili nililia, Bibi akadhani ni dawa.

Sikiliza basi. Usimshushe yule mtu. Mwache afe. Mimi ninavyo vidonge, yeye hana, na mmoja wetu akishakufa vizuri kiasi kile ni aibu kumwamsha. Ila Mama Futa amesema kweli kuhusu ukurasa wa mwisho. Nimetafuta sana, mpwa wake siku hiyo yuko wapi? Mjomba anaanguka na hadithi imekwisha, hakuna mtu pale. Wewe ulikuwapo nyuma yangu, umesema mwenyewe. Mwite aje. Asimwokoe, afike tu, amshike mkono kabla hajaenda. Hilo ndilo ulilolikimbia, nami pia nililikimbia.

Na kwa kuwa sheria yenu inakataza mwenye kazi kuisoma, mwambie Mama Futa msomaji amepatikana. Nitapanda basi la asubuhi, daktari ameruhusu, Bibi hajaruhusu lakini amefunga mizigo yake pia. Nimewaandikia na kibao cha mlangoni, nimekiandikia mezani. Mtu mwingine atapanda kukitundika.

Mjomba wako, mzima. Safari hii ni kweli.


9 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama, na Bibi amepumzika baada ya kukagua jiko la chuo. Mpishi anamsalimia kwa uoga.

Usiku ule yapo usiyoyajua, maana ulipomaliza tu muuguzi alikutoa nje upate hewa. Kwa hiyo nakusimulia.

Uliposimama mbele ukasema, "Mimi ndiye maiti, niwieni radhi nimechelewa," watu walicheka mpaka masinki yakaitikia. Kisha ulianza kusoma na kicheko kikatoka chenyewe nje. Ulisoma polepole, unapumzika kwenye nukta. Ulipofika kwenye ukurasa mpya, pale mpwa anapokuja mbio na kumshika mkono, ulinyamaza. Ulikuwa umeinamia karatasi, hukutuona. Muuguzi alikuwa amesimama tayari, glasi ya maji mkononi, anakuhesabia pumzi. Kinyozi alikuwa ameshika kichwa. Bibi alikuwa anakutazama wewe tu, midomo inacheza. Nami nilikuwa kwenye kiti kile, nimeshika mbao zake kwa mikono yote miwili nisije nikainuka nikakufuata. Ndipo ukamalizia mstari wa mwisho, na muuguzi akasema kwa sauti, "Haya, marehemu, kunywa maji tutoke nje."

Mlipotoka, watu wakasema yao. Dereva wa gari la maji, ambaye siku zote hataki kusema kitu, alisema, "Safari hii amefika." Mama Futa alikuwa na hadithi mkononi na kalamu yake nyekundu nyuma ya sikio.

Zamu yangu ikafika. Unajua sheria. Ni neno moja, na tunalijua sote. Lakini mlango ulikuwa wazi, chini ya kibao chako, na nilikuwa nakusikia huko barazani ukimwambia muuguzi kwamba kofia yako si mbovu hata kidogo. Nikafungua mdomo, likatoka neno jingine.

Nilisema, "Yupo."

Nikamtazama Mama Futa. Hakulifuta.

Chokaa